Nyumba ya Sentimita Kumi na Mbili

Kwa miaka ishirini na saba nimechora ramani za nyumba hapa Songea kwa mkono wangu wa kulia. Ukitaka ushahidi twende Bombambili, tupitie Mfaranyaki, tuishie Ruhuwiko, nikuonyeshe kwa kidole vyumba, veranda na vyoo vilivyoanzia kwenye penseli yangu. Watu husema najisifu. Ni kweli najisifu, na sioni wa kunizuia.

Kazi ile ilikuwa na taratibu zake. Asubuhi nilinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikajipaka poda ya watoto viganjani ili jasho lisichafue karatasi, nikaibandika karatasi mezani kwa selotepu kwenye pembe nne, ndipo nikashika rula. Nikikosea wino niliukwangua kwa wembe, taratibu, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Wateja waliokuja na haraka zao waliambiwa wakae kwenye benchi wasubiri. Walisubiri.

Halafu mkono ukaanza kutetemeka. Siku yenyewe siikumbuki. Nakumbuka tu kwamba nilipiga mstari wa ukuta wa ghala la mahindi, tena kwa rula, ukatoka na mawimbi. Nikaulaumu wino. Wiki iliyofuata nikailaumu rula, kisha meza, kisha baridi, maana Songea mwezi wa saba hata milango inatetemeka. Baridi ikaisha, mkono ukaendelea. Hapo nikaogopa, tena sana. Sikumwambia mtu, hata mke wangu, ambaye mimi humsimulia mpaka ndoto. Mchoraji wa mkono unaotetemeka, nani atamletea kiwanja chake? Na watu wa mji huu nawajua. Kabla sijafika kwa daktari, wanakwaya wenzangu wangekuwa wameshaamua kwamba ni ulanzi, na mimi pombe hiyo ya mianzi sijaionja tangu kipaimara cha mwanangu wa mwisho.

Kwa hiyo nikaficha. Kwenye mazungumzo mkono niliukalia. Chai niliiacha ipoe mpaka watu watoke. Kazi ambayo zamani niliimaliza kwa siku tatu ikachukua siku tisa, na nikiulizwa nilijibu kwamba kizazi cha sasa hakithamini uangalifu.

Bosi wetu ni mhandisi, mdogo kwangu kwa miaka kumi na kitu. Huniita Mzee hata anaponituma. Jumatatu moja aliingia ofisini amekumbatia boksi kubwa, na nyuma yake alikuwepo binti wa miaka kama ishirini na minne aliyebeba nyaya.

"Mzee," bosi akasema, "kuanzia leo tunachora kwa kompyuta. Huyu amesomea, ndiye atakayekufundisha. Ile meza yako ya kuchorea tutaitoa mwisho wa mwezi, tupate nafasi."

"Na kazi zilizopo?"

"Utaanza na ramani ya yule nesi mstaafu wa Ruhuwiko. Anakuja kuichukua Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Itoke humu." Akaligonga boksi.

Katika maneno yote yale mimi nilisikia jambo moja tu: nafukuzwa. Nikiishindwa mashine, binti ataketi pale nilipoketi. Nikisema nirudi kwenye karatasi, karatasi itanisema. Nikapiga hesabu ya siku. Zilikuwa kumi na saba, ukiondoa Jumapili.

Somo la kwanza lilianza kesho yake. "Shikamoo, baba," akasema binti. Niliitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayekataa. Nilikuwa nimeshanawa mpaka viwiko na kujipaka poda, kwa mazoea, na nilipoiweka mikono kwenye kibodi vitufe vyote vikawa vyeupe. Binti alitoa kitambaa mkobani akavifuta, kimoja kimoja.

Kioo chenyewe kilikuwa cheusi kama ubao wa shule, na juu yake ulipita utepe mrefu wa vijipicha, vidogo, vingi, kila kimoja kikitaka kubonyezwa. Katikati palikuwa na msalaba mwembamba. Ndiyo kalamu, binti akanieleza, ukisogeza mausi nao unasogea. Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, misalaba nimeiheshimu maisha yangu yote, lakini ule ulinitoa jasho. Ulinifuata kila nilikokwenda, na ulikuwa unatetemeka. Kwenye karatasi mtetemo wangu ulijificha chini ya kiganja. Hapa ulikuwa juu ya kioo kinachowaka, hata mpita njia angeuona dirishani.

"Meza hii ina mguu mfupi," nikasema.

Binti akainama, akakunja karatasi mara nne, akaisukuma chini ya mguu wa meza. "Sasa je, baba?"

"Afadhali."

Hapakuwa na afadhali yoyote. Akaingia mahali fulani kwenye mashine, akabonyezabonyeza, na kweli ule msalaba ukapunguza kiherehere. Kisha akasema, "Hiyo mausi tuiache kwanza. Tuanze na kibodi."

Basi nikafundishwa kwamba mstari unaitwa kwa herufi moja, na chini kabisa ya kioo kuna sehemu ndogo inayouliza maswali kama karani wa dirishani: uanzie wapi? Uende upande gani? Urefu kiasi gani? Unaandika tarakimu, unabonyeza, mstari unatokea umenyooka. Ukijibu upuuzi, karani anarudia swali lile lile bila kukasirika. Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Kulikuwa pia na kitufe cha kuilazimisha mistari iende wima au mlalo tu, isipinde kokote, na kingine cha pembeni juu, cha kujitoa kwenye mkosi. Hicho cha kujitoa nilikitumia mpaka herufi zake zikaanza kufutika.

Wiki ya kwanza nilikuwa kichekesho. Nilifuta ukuta mmoja, na bila kufikiri nikainama nikapuliza kioo, niondoe mabaki ya raba. Mara nyingine nilizungusha kigurudumu cha mausi, nyumba yote ikatoweka. Nilipiga kelele kwamba tumeibiwa. Bosi akatoka chumbani kwake mbio. Binti akaandika herufi mbili, nyumba ikarudi katikati ya kioo, na bosi akarudi chumbani kwake akiwa amebana midomo kwa namna ambayo sikuipenda.

Lakini siku ya matabaka nilimshangaza mwalimu wangu. Alianza kunieleza taratibu, kwa huruma, kwamba kuta zinakaa kwenye tabaka moja, umeme tabaka jingine, maji jingine, na unaweza kulizima tabaka ukaliwasha tena. Nikamkata kauli. "Mwanangu, wewe hujazaliwa sisi tunafanya hivyo kwa karatasi zinazopenya mwanga. Kuta chini, umeme juu yake, maji juu ya umeme, zote umezibandika dirishani." Siku hiyo nilitembea kwenda nyumbani nikipiga mluzi, nikawasalimia hata majirani tuliokosana.

Humo ndani mlikuwa na ghala la vitu vilivyokwisha kuchorwa, unachagua tu na kupachika. Kulikuwa na mabafu ya kujilaza ya kila umbo, mahali pa kuotea moto sebuleni, kinanda kikubwa, mpaka mbwa. Nikatafuta jiko la nje, jiko la kuni lenye dohani, na ubao wa kukalia ukutani. Hakuna. Nesi alipoleta vipimo vya kiwanja chake alinikazia macho akasema, "Chumba cha kulala ukikibana nitavumilia. Jikoni kwangu usibane." Mwanamke yule akipikia wageni wa msiba hupika sufuria tatu kwa mpigo, na akina mama wasiopungua sita wameketi humo humo wakichambua maharage. Mtengeneza mashine hakuwafikiria. Nikalichora mwenyewe, mafiga, dohani, ubao na mlango mpana wa kupitisha sufuria kwa watu wawili. Binti akalitazama kwa muda, akalihifadhi ghalani pamoja na vile vinanda. Nilijisikia mtu mkubwa.

Ikafika Jumatano, siku mbili kabla ya nesi kuja. Ramani ilikuwa imekamilika. Kuta, madirisha, milango, vipimo vyote nimeviandika kwa mpangilio, na ilivyotoka kwenye printa ilikuwa safi mpaka nilitamani kuilamba. "Bado vitanda tu, baba," binti akasema, "mteja aone chumba kinavyokaa." Nikachagua kitanda kizuri chenye mito miwili, nikakipachika kwenye chumba cha nesi.

Hakikuonekana. Nikapachika tena. Hakuna kitu.

"Kitanda kiko wapi?" nikauliza.

Binti akazungusha kigurudumu turudi nyuma. Tukarudi, tukarudi, tukarudi sana, na kitanda kikatokea kimejaa kioo chote, shuka limekunjwa vizuri. Juu ya mto wa kushoto palikuwa na kidoa. Binti akakisogelea kidoa. Ilikuwa nyumba yangu, pamoja na veranda yake na jiko lake la nje, imelala kwenye mto kama kunguni.

"Baba," akasema polepole, "hii nyumba ina urefu gani?"

"Mita kumi na mbili. Soma, si imeandikwa hapo?"

"Imeandikwa, ndiyo. Uliandika wewe." Akachukua kifaa cha kupimia cha mashine yenyewe, akakigusisha kona hii na kona ile. "Inasema milimita mia moja na ishirini. Sentimita kumi na mbili, baba."

"Mashine yako inadanganya!" Nikachomoa mfukoni rula yangu ya skeli, ile yenye pande tatu, ambayo siku zote hizo akitoka nje nilikuwa naibandika kwenye kioo kuhakiki kazi. Nikaibandika mbele yake. Akaitazama rula. Akanitazama mimi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akateleza kwenye kiti akakaa sakafuni.

Sasa nieleze kosa langu, maana ni kosa la watu wa kalamu tu, mwingine hawezi kulifanya hata akijitahidi. Karatasi haibebi nyumba. Tangu chuoni nimefundishwa kugawa kwa mia: mita kumi na mbili za kiwanjani ni sentimita kumi na mbili za karatasini. Baada ya miaka ishirini na saba hugawi tena kwa kufikiri. Nikiona ukuta barabarani kichwa kinaugawa chenyewe. Kwa hiyo karani wa pale chini aliponiuliza urefu, nilimjibu kwa uaminifu wote urefu wa karatasini. Vipimo vya kusomwa nikaviandika mwenyewe kwa kibodi, kwa milimita za kiwanjani, elfu kumi na mbili hapa, elfu tisa pale, kama nilivyozoea. Na printa iliamriwa ijaze ukurasa, ikajaza bila kuuliza. Binti hakunionya kwa sababu hakujua kwamba yuko binadamu anayeweza kufanya jambo hilo.

Nilimfokea, nakiri. Nilimwambia kwamba mwalimu anayemcheka mwanafunzi wake ni mwalimu wa ovyo. Akajifuta machozi, akasema, "Nisamehe, baba. Humu hatugawi. Humu nyumba unaichora kwa ukubwa wake wenyewe. Kugawa tunamwachia printa."

"Mita kumi na mbili, zote, humu ndani?"

"Hata Songea nzima inaenea."

Hapo na mimi nikaanza kucheka. Nilimwona nesi na sufuria zake tatu akijaribu kuingia jikoni kwa mlango usiopitisha hata siafu wawili.

Binti alisema kuna amri moja ya kuikuza nyumba mara mia, sekunde mbili tu, twende nyumbani. Nikakataa. Roho ilinituma nianze upya, kona ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa ukubwa wa kweli. Ni jeuri, najua. Lakini ramani niliyoichora nikidhani ni sahihi kumbe ni ya kunguni, nisingeweza kuitazama.

Alhamisi asubuhi nikaingia kazini kabla ya wote. Nikapiga ukuta wa mbele, mita kumi na mbili kamili, na kwa mara ya kwanza nikazungusha kigurudumu kwa makusudi, nikasogea karibu kwenye kona, karibu kabisa, mpaka unene wa ukuta ukajaa kioo. Mkono ulikuwa unatetemeka kama kawaida yake. Msalaba nao ulitetemeka, lakini ulitetemekea ndani ya ukuta, kwenye nafasi pana, haukugusa kitu. Nilipoukaribisha kwenye kona, kijisanduku cha kijani kilichomoka kikaidaka kona yenyewe hasa, na mstari ukakaa. Nikajaribu kona ya pili. Ikadakwa. Ya tatu ikadakwa.

Kwenye karatasi, mkono wangu ukihama milimita moja, ukuta wa mtu umehama sentimita kumi. Kwa mwaka mzima na zaidi nilikuwa nalala na hesabu hiyo. Sasa nilikuwa ndani ya nyumba yenye ukubwa wake, na mtetemo wangu haukuwa na cha kuharibu. Nilifurahi mpaka nikalia kidogo. Binti alipoingia nikasingizia vumbi, na yeye akafungua dirisha.

Jioni ya siku hiyo ramani ilikuwa tayari. Tukatia kitanda. Kikaenea chumbani, na nafasi ya kupita ikabaki pande zote mbili.

Ijumaa nesi akaja, amevaa kitenge na viatu vyake vya wodini ambavyo hakuvistaafisha. Bosi akatandaza nakala nne mezani. Nesi akavaa miwani, akapita vyumba vyote kwa kidole, akafika jikoni, akasimama hapo muda mrefu.

"Hapa nikigeuka na sufuria simuunguzi mtu," akasema. "Ahsante, baba. Umenisikia."

Bosi alikagua vipimo, akaguna guno la kuridhika. Nilikuwa nimepona. Kazi ilikuwa yangu, siri ilikuwa yangu, na hakuna mtu duniani ambaye angeitazama mistari ile akajua lolote. Nilikuwa nafikiria namna ya kuomba chai, ndipo bosi akaweka kalamu mbele yangu.

"Saini, Mzee. Pale penye mchoraji. Nakala zote nne."

Wiki zote tatu nilifikiria kila kitu isipokuwa hicho. Niliitazama kalamu. Nikaichukua, kwa sababu sikuwa na sababu ya kutoichukua. Wote watatu walikuwa wameinamia meza, na sikuwa na pa kuuficha mkono. Herufi ya kwanza ilitoka imevunjika mara tatu. Nikaishia hapo.

"Mkono huo ulianza lini?" nesi akauliza.

"Ni hii kalamu."

"Baba, mimi nimezeekea wodini. Kalamu haziugui."

Nilitaka kutaja meza, baridi, hata chai ambayo sikuwa nimekunywa. Nikaviacha. "Ulianza mwaka juzi, mama," nikasema. "Unatetemeka, na siwezi kuuzuia." Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno yale, na yalikuwa machache kuliko nilivyodhani. Nikamgeukia bosi nipokee hukumu yangu.

"Tunajua, Mzee," bosi akasema.

"Mnajua nini?"

"Tunajua mwaka mzima sasa. Wewe ulidhani kompyuta nimemnunulia nani? Mimi kuchora sijui. Nilimtafuta binti chuo kizima, nikamwambia aanze na kibodi, asikupe mausi mpaka uzoee." Akakuna kichwa. "Ukiondoka wewe, hapa nani anajua jikoni kwa watu kunakaaje?"

Binti alikuwa anaangalia sakafu. Niliona aibu kali, aibu ya siku zote nilizowanunia na kuwaita wezi wa meza yangu moyoni. Nilipendwa, na sikuwa nimejua.

"Jumatatu saa mbili nakupitia, twende kwa daktari," nesi akasema, kwa sauti ile ambayo mgonjwa haijibu. "Na mkeo umwambie leo. Haya, maliza saini zangu."

Nikaweka kiganja cha kushoto juu ya karatasi, nikalimalizia jina langu kwenye nakala ya kwanza. Zilikuwa zimebaki tatu. Nikazisaini moja moja, mkono ukitetemeka waziwazi mbele yao, na hakuna aliyegeuza macho wala kunihimiza.